Robo Kilo

Miaka thelathini na moja nimepima mizigo ya watu
bandarini Mwanza: mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa,
vitanda, majeneza mawili matatu,
mbuzi mmoja aliyekataa kusimama juu ya mizani.
Nikaandika, nikagonga muhuri, nikasema, "Haya, pita."
Wakapita. Mimi nikabaki na kalamu sikioni.

Kesho napita mimi.

Tiketi mbili ziko chini ya redio.
Nyanzala katuma kutoka Dodoma: siku nne majini,
kuzunguka visiwa, kula, kulala, kutazama.
"Kutazama nini?" Nyamizi alimuuliza kwenye simu.
"Ziwa, mama."
"Ziwa si hili hapa, nalifulia nguo?"
Lakini Jumamosi alikwenda Mlango Mmoja
akarudi na miwani ya jua na viatu vya kamba,
akavijaribu usiku, taa imezimwa; nikasikia
cha-cha, cha-cha, kati ya kitanda na dirisha.

Mizani niliyoagiwa nayo kazini nimeitoa uvunguni,
nimeifuta vumbi, nimeitundika kwenye kenchi.
"Hatuendi kuuza pamba," asema.
"Mzigo ni mzigo," nasema.

Shangazi kaja lake: kilo kumi na mbili kamili.
Ndani vitenge vinne, shuka, sufuria (nikaitoa),
matobolwa kwenye ndoo ndogo ya rangi,
karanga, ndimu za kuzuia kichefuchefu,
sufuria (akairudisha).
"Chakula kimelipiwa, mke wangu."
"Kimelipiwa. Kimeonjwa?"

Sanduku langu: kilo saba. Mashati mawili
na suti niliyomwozeshea Nyanzala, maana kwenye picha ya tangazo
wanaume wameegemea vyuma vya meli na glasi mkononi,
wamevaa meupe, wembamba, wanacheka na mtu asiyeonekana.
Mimi sina jeupe ila koti la kazi.
Nimelipiga pasi. Nikaliacha. Nikalichukua. Nikaliacha.

Jioni Igogo nzima ilikuwa imeshajua.
Walipanda ngazi za mawe mmoja mmoja, wanahema:
Mama Sagenda na barua ya shemeji yake wa Nansio,
kana kwamba sisi ni posta;
Lutonja na tochi, "huwezi kujua";
watoto wanaotaka kujua kama kule ndani kuna televisheni.
Hakuna aliyeutaja mwaka ule.
Waliongea habari za upepo, wakanyamaza,
wakaongea bei ya sato.

Saa sita usiku nasikia zipu.
Nyamizi yuko magotini kwenye sanduku la marehemu mama yake,
anatoa kitu, anakitia kwenye begi, anafunga
polepole, jino kwa jino.
Alipotoka kwenda msalani niliinuka, nikalitundika.
Kumi na mbili na robo.

Robo kilo. Mkono wangu unaijua robo ya sukari,
robo ya misumari, robo ya dagaa,
na hii ni ya kanga, iliyokunjwa mara nne.
Kanga ya Kabula, mdogo wake,
aliyoiacha kwenye kamba yetu ikiwa bado mbichi
akasema, "Nitaichukua nikirudi, shemeji,"
akacheka, akaweka begi lake mbele yangu.
Kilo tisa. Nakumbuka, kilo tisa.
Nikaandika, nikagonga muhuri, nikasema,
"Haya, pita."

Mlango. Nimelishusha begi upesi,
nimejigeuzia ukutani, nimevuta shuka.
Nyamizi amesimama katikati ya chumba.
"Mizani yako inayumba," asema gizani.
"Upepo," nasema.
Madirisha tuliyafunga tangu magharibi.

Anakaa ukingoni mwa kitanda, kitambo,
mpaka chuma kinaacha kulia juu ya vichwa vyetu.
Kisha anainua miguu, anajilaza.
"Asubuhi," asema, "usisahau lile koti jeupe."